Gari Ikibadilishwa Kila Kitu, Bado Ni Ile Ile? Kisa cha Bentley ya 1929

Kila ikitoka habari ya gari ya zamani kuuzwa bei ya kutisha, kwenye magrupu ya WhatsApp yanaanza maneno yale yale. Mei 2022 Mercedes 300 SLR ya 1955 iliuzwa euro milioni 135, watu wakashika vichwa, na haikupita dakika tano mtu akaandika kwamba hizo gari zote siku hizi si orijino, zimeshafunguliwa na kubadilishwa mpaka nati, kwa hiyo matajiri wanauziana jina tu. Mwingine akajibu kwamba ikishabadilishwa injini ni feki, basi. Na mwingine akasema hapana, kinachohesabika ni kadi. Wote watatu wameshika kipande cha ukweli, ila hakuna aliyekishika chote, na neno linalotuchanganya ni hilo hilo orijino, maana tunalitumia kwa vitu vitatu vinne tofauti bila kujua.

Nianze na mjomba wangu. Ana Peugeot 504 pikapu aliyoinunua mkononi kwa mtu, gari nzuri, haijawahi kumlaza njiani. Siku ya kwenda kubadilisha jina kwenye kadi ikabidi namba zihakikiwe, fundi wetu akaingiza kichwa chini ya boneti na kitambaa alicholowesha petroli, akasugua grisi iliyoganda ubavuni kwa injini, akachukua kipande cha msasa akapitisha taratibu mpaka tarakimu zikaanza kutokeza moja moja kama maandishi ya kwenye sarafu ya zamani. Mimi nimemulika na tochi ya simu, mjomba kashika kadi, fundi anasoma kwa sauti. Ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu ikakataa. Kumbe mwenye gari wa nyuma alishaweka injini nyingine na hakwenda kuandikisha popote.

Sasa je, ile ni Peugeot iliyoandikwa kwenye kadi au ni nyingine? Mjomba siku ile aliamini kauziwa gari ya watu wengine. Haikuwa hivyo, na sababu yake ndiyo hiyo hiyo iliyopeleka gari ya mamilioni ya paundi mbele ya jaji London mwaka 1990.

Kwanza tuelewane maneno. Chesisi ni uti wa mgongo wa gari, zile reli mbili za chuma ambazo injini, ekseli na bodi vinafungwa juu yake. Magari mengi ya siku hizi yana bodi na chesisi kitu kimoja, ila ya zamani unaweza kuinua bodi yote ukaiweka pembeni na chesisi ikabaki na matairi yake inasukumika. Namba ya chesisi ni kama namba ya cheti cha kuzaliwa. Injini nayo ina namba yake, gia boksi mara nyingine ina yake, na gari ambayo namba zake zote ni zile zile ilizotoka nazo kiwandani ndiyo wapenzi wa magari wanasema namba zinalingana. Halafu kuna kitu ambacho mimi nakiita nasaba ya gari, yaani ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani, ilikimbia mbio gani mwaka gani, nani alikuwa kwenye usukani, iligonga wapi na ikatengenezwa na nani. Kopi ni gari iliyotengenezwa ifanane na ile ya zamani na mwenyewe anakuambia wazi kwamba ni kopi. Feki ni kopi inayodai kwamba ndiyo yenyewe. Ukiwa na haya mkononi unaweza kuifuata hadithi ya Bentley bila kupotea.

Bentley yenyewe inaitwa Old Number One, kwa Kiswahili ningesema Mzee Namba Moja. Ni toleo la Bentley liitwalo Speed Six, silinda sita mstari mmoja, lita sita na nusu, gari refu zito lenye boneti kama jeneza na mikanda ya ngozi ya kuifungia. Aliyeipa sifa ni Woolf Barnato, mwenyekiti wa kampuni ya Bentley mwenyewe, na fedha aliyoingiza kwenye kampuni ilitoka huku huku kwetu Afrika: baba yake Barney Barnato alitoka mitaa ya maskini ya mashariki mwa London akaenda Kimberley, Afrika Kusini, akatajirika kwenye almasi akishindana na Cecil Rhodes. Mtoto akarithi, akaipenda Bentley, akainunua na kampuni.

Mwaka 1929 Barnato na Tim Birkin wakashinda nayo Le Mans, yale mashindano ya Ufaransa ya saa 24 mfululizo usiku na mchana, na Bentley zikamaliza wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne. 1930 Barnato akarudi na gari ile ile, safari hii na Glen Kidston, Mercedes ya Rudolf Caracciola ikawakimbiza mpaka ikafa usiku, wakashinda tena. Barnato alikwenda Le Mans mara tatu tu maishani, 1928, 1929 na 1930, na zote tatu alishinda. Baada ya hapo kampuni ikajitoa kwenye mbio, na 1931 ikaishiwa pumzi kabisa mpaka Rolls-Royce wakainunua, lakini Mzee Namba Moja akaendelea kukimbia. 1931 Jack Dunfee na Cyril Paul wakashinda nayo maili 500 za Brooklands, ule uwanja wa mbio wa zege karibu na Weybridge, Uingereza, uliokuwa na kona zilizoinuka kama ukuta.

Mwaka 1932 Barnato akataka ikimbie zaidi, wakaifungia injini ya lita nane. Septemba ile wakarudi Brooklands kwenye maili 500 zile zile, Jack Dunfee akaendesha kwanza halafu akampa usukani mdogo wake Clive. Clive akapanda juu mno kwenye kona, gari ikapita ukingo ikaenda upande wa pili kwenye miti, akafa pale pale. Ndugu yake yuko pale kando ya njia kwa mafundi anaisubiri ipite.

Mimi kila nikisoma habari za bei za hii gari narudi hapo, kwa sababu wanaouza huwa wanaanza na 1929 na 1930 wakakimbia haraka. Nasaba ni pamoja na hiyo siku. Barnato alikusanya kilichobaki, ikajengwa upya ikiwa gari ya barabarani yenye paa, na kuanzia hapo ikapita mikono kadhaa kwa miaka mingi.

Tukimbie mpaka Aprili 7, 1990. Mmiliki wa wakati huo, Edward Hubbard, akakubaliana kuiuza kwa kampuni moja inaitwa Middlebridge Scimitar, mkataba wa thamani ya paundi milioni 10. Hiyo ilikuwa kipindi bei za magari ya zamani zimepanda kama moto wa makuti, na halafu zikaanza kushuka. Mnunuzi akagoma kulipa. Akasema hii uliyoniletea siyo Old Number One, mimi nilinunua gari iliyoshinda Le Mans na hii siyo. Wakafika Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Otton.

Hapo ndo mambo yakawa matamu, kwa sababu mnunuzi hakuwa anasema uongo. Wataalamu waliifungua gari na kuihesabu kipande kwa kipande. Ya gari ilivyokuwa Le Mans 1929 hakukuwa na kitu cha maana kilichoweza kuthibitishwa zaidi ya vijivitu vidogo ambavyo huwezi hata kujua ni vya mwaka gani. Ya gari ilivyokuwa 1930 vilithibitika vitu vitatu: mhimili wa pedeli, ganda la gia boksi, na nguzo ya usukani. Basi. Ya gari ya 1932 ndiyo ilikuwa imebaki kwa kiasi kikubwa, chesisi na injini ile ya lita nane, ila bodi hapana. Kwa hiyo fikiria, unatoa milioni 10 za paundi kwa gari iliyoshinda Le Mans mara mbili, unaambiwa sehemu zilizokuwepo siku ya ushindi wa pili ni hizi tatu, na za siku ya ushindi wa kwanza huwezi hata kuzionyesha. Nani asingegoma?

Na jaji akampa ushindi muuzaji.

Watu wengi wakisikia hivyo wanadhani kulikuwa na ujanja wa sheria. Hapana, sababu zake ni nzuri na mimi nakubaliana nazo, na njia rahisi ya kuzielewa ni mpira. Chukua Simba au Yanga. Wachezaji waliobeba kombe miaka ya sabini hakuna hata mmoja yuko uwanjani leo, kocha siye, jezi siyo ile, kiatu siyo kile, lakini ukimwambia shabiki kwamba lile kombe si la klabu yake atakushangaa, na yeye ndo mwenye haki. Kwa nini? Kwa sababu klabu haikufukuza wachezaji wote usiku mmoja ikaleta wengine. Aliondoka beki mmoja akaja beki mwingine akakuta wenzake wa zamani kumi, mwaka uliofuata akaondoka kipa, na kila aliyeingia aliingia kwenye timu ambayo tayari ipo. Sasa kama mimi leo nitasajili timu mtaani kwangu niipe jina la klabu iliyokufa miaka arobaini iliyopita na nivae jezi zao, siwezi kudai vikombe vyao hata kama nimempata mzee mmoja aliyewahi kuichezea.

Hicho ndicho Jaji Otton alichosema kwa lugha ya kisheria. Kwamba vitu vipya viliingia kwenye gari ile kidogo kidogo, kwa kasi na kwa muda ambao haikuwahi kufika mahali ikapoteza utambulisho wake, na katika utambulisho huo kumo kushinda Le Mans miaka miwili mfululizo. Kwamba ilikimbia misimu minne bila kukatika. Kwamba hakuna Bentley nyingine, iliyopo wala iliyokufa, inayoweza kudai jina lile. Na kwamba siku ile ya Aprili kilichokuwa kinauzwa kilikuwa ni historia na heshima ya gari pamoja na chuma chake. Kwa hiyo akasema haiwezi kuitwa ya awali kwa maana ya vyuma vyake vya mwanzo, lakini ndiyo Old Number One halisi.

Kuna kitu watu wanakisahau hapa: gari ya mbio kubadilishwa vipande ni kazi yake. Gari ya kwenda kanisani Jumapili inaweza kukaa miaka 60 na pistoni zake, ila gari ya saa 24 ikimaliza inafunguliwa, kilichochoka kinatupwa, kilichopinda kinatolewa, kanuni za mwaka unaofuata zikibadilika na yenyewe inabadilika. Gari ya mbio yenye kila kitu cha kiwandani maana yake mara nyingi ni kwamba haikukimbia sana. Ndo maana mwenye kudai kwamba kubadilishwa injini kunaifanya gari feki anapima jahazi kwa mbao. Nenda Lamu au Zanzibar kamuulize nahodha jahazi lake lina mbao ngapi za siku lilipoteremshwa majini. Mbao zinaoza zinabadilishwa, kalafati inapigwa upya, tanga linachanika linashonwa jingine, na jahazi linabaki na jina lake na wenyewe wanakuhadithia safari zake za nyuma.

Tatizo linaanza pale mbao kuukuu zinapookotwa. Kama kuna mtu alikuwa anazikusanya zile zilizotolewa, akaziunganisha akaunda jahazi la pili, ana haki gani? Kwenye magari hii siyo hadithi ya kufikirika, inatokea. Chesisi iliyopinda ilitupwa nyuma ya karakana mwaka 1957 na gari ikapewa nyingine yenye namba ile ile, miaka thelathini baadaye bei zimepanda mtu anaichimba ile iliyotupwa kwenye majani, anainyoosha, anaijengea bodi, na sasa kuna magari mawili yanadai cheti kimoja cha kuzaliwa. Old Number One iliokolewa na hilo, kwamba hapakuwa na mdai mwingine. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Kuna Ferrari 375 Plus ya 1954, chesisi namba 0384AM, iliyoibiwa kwa mwenyewe huko Ohio, Marekani, miaka ya 1980 ikaibukia Ubelgiji, na mwenyewe akiwa amebaki na baadhi ya vipande vyake. Upande mmoja una gari, upande mwingine una vipande na madai, ikachukua miongo kufika kwenye mnada wa Goodwood, Uingereza, 2014 ambapo iliuzwa zaidi ya paundi milioni 10, na hata baada ya nyundo kugonga kesi ziliendelea. Kwa hiyo usichanganye maswali mawili: gari hii ni ipi, na gari hii ni ya nani. La kwanza linajibiwa na nasaba, la pili linajibiwa na karatasi za umiliki zisizokatika mahali, na unaweza ukawa na jibu zuri la moja ukakosa la pili.

Bodi nayo watu wanaipa uzito usio wake. Agosti 2018 huko Monterey, California, Ferrari 250 GTO namba 3413GT iliuzwa dola milioni 48.4, rekodi ya mnada kwa wakati ule. Zilitengenezwa 36 tu. Na ile gari bodi yake siyo iliyozaliwa nayo 1962, ilivuliwa 1964 ikapewa ya mtindo mpya na karakana ile ile ya Scaglietti iliyokuwa inazitengenezea Ferrari. Haikuizuia kuvunja rekodi, kwa sababu ilifanyika wakati wa maisha yake ya mbio, na mafundi wenyewe, na imeandikwa. Ingefanyika bodi ile ile 1994 kwenye gereji ya mtu binafsi, tungekuwa tunaongea bei nyingine kabisa. Nani alibadilisha na lini, haya ni maswali makubwa kuliko nini kilibadilishwa.

Na msiamini picha. Barnato huyu huyu Machi 1930 aliweka dau la paundi 100 kwamba atalishinda Treni la Buluu, treni la kifahari la Ufaransa, kutoka Cannes kusini mwa nchi hiyo, akakimbia na Bentley usiku kucha kwenye mvua na ukungu, akavuka bahari, akapaki nje ya klabu yake London dakika nne kabla treni halijafika Calais, bandari ya kaskazini mwa Ufaransa. Kwa miaka mingi kila mtu alijua gari ya safari ile: coupe moja, yaani gari ya milango miwili, nzuri sana yenye mgongo wa kuteleza, bodi yake imejengwa na kampuni ya Gurney Nutting, mpaka msanii Terence Cuneo akaichora ikikimbizana na treni. Sasa angalia tarehe. Ile coupe ilikuwa haijakamilika, ilikabidhiwa Mei, na mbio zilikuwa Machi. Aliyoendesha ilikuwa saluni ya kawaida ya milango minne, bodi ya kampuni nyingine, Mulliner. Watu waliamini gari isiyo yenyewe kwa sababu ndiyo nzuri zaidi, wakati jibu lilikuwepo kwenye karatasi muda wote.

Sisi wa huku tuna za kwetu za kuzilinda hivyo hivyo. Volvo PV544 aliyoshindia Joginder Singh na ndugu yake Jaswant kwenye East African Safari ya 1965 ilikuwa mtumba, gari ya timu ya kiwanda iliyokimbia Safari ya mwaka uliotangulia ndipo yeye akaipata akaitengeneza kwa mikono yake. Ukiondoa hiyo nasaba ni Volvo kuukuu tu. Datsun 240Z iliyoshinda Safari ya 1971 na Edgar Herrmann na Hans Schüller wenyewe Nissan wanayo Japani, wakaikarabati 2013 mpaka ikatembea tena. Na kwenye rali kuna mtego wake: timu za zamani zilikuwa zinahamisha pleti za namba kutoka gari moja kwenda nyingine kwa sababu za karatasi za forodha, kwa hiyo kuiona pleti kwenye picha ya ushindi hakukuhakikishii kwamba gari unayouziwa leo yenye pleti hiyo ndiyo ile. Angalia chesisi, angalia sehemu ilipochomelewa, ulizia fundi aliyekuwepo kama bado yupo hai, na ukimpata kaa naye, mrekodi. Wanaondoka hao wazee na vichwani mwao kuna nasaba ambazo hakuna mtu aliyeziandika.

Turudi kwa mjomba. Chesisi ya ile 504 ilisomeka vizuri na ililingana na kadi kila tarakimu, kwa hiyo gari ni ile ile, iliyobadilika ni injini tu. Ikabidi amtafute yule mwenye gari wa nyuma, wakaandikishana karatasi ya injini imetoka wapi, ikakaguliwa, ikaingizwa kwenye kadi, ikaisha. Cha kufurahisha ni kwamba yule mtu alikuwa bado anayo injini ya zamani, iko uani kwake chini ya mwembe, imekufa lakini namba zake zinasomeka. Mjomba akaenda kuichukua na mkokoteni. Shangazi akauliza chuma hiki kibovu cha kazi gani, mjomba akamwambia siku tukiiuza hii gari mtu atauliza.